Kabla ya kununua turbo mpya, chunguzeni kwanza jipi ya ushirika



Vyama vingi vya ushirika vya huku kwetu vina jipi moja ya mtumba yenye turbo, Prado au Land Cruiser, inayotumia mazutu. Ndiyo inayoshusha maharagi, birayi na fromaji toka milima ya Masisi, inapita Sake, mpaka kwa wanunuzi wa Goma. Siku inapoanza kutoa moshi na kukosa nguvu kwenye mlima, neno la kwanza tunalosikia kwenye garaji za Himbi na kwingineko ni lile lile: "Turbo imekufa, leteni makuta." Basi chama kinafungua sanduku, hela zilizowekwa kwa ajili ya mbegu zinatoka, turbo inanunuliwa. Majuma machache yanapita, moshi unarudi. Hela ya mbegu imekwenda na mzigo ungali shambani.

Sisi ni waagronome, si mafundi wa magari. Lakini mtu akituonyesha mgomba wenye jani la njano, hatuukati papo hapo. Tunauliza kwanza: ni ukame? Ni udongo uliochoka? Au ni mnyauko wa bakteria? Tunakata shina, tunatafuta ule ute wa njano, ndipo tunasema neno. Gari nalo linataka hivyo hivyo. Jambo tunalotaka mshike leo ni hili: mara nyingi turbo haijifii yenyewe, inauawa na kitu kingine. Mkibadilisha turbo bila kumtafuta muuaji, ataiua na mpya.

Turbo inafanya nini

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na vilima vingi vya Masisi vinapita mita 2,000. Huku juu hewa ni nyepesi. Kwa Goma, pumzi moja ya moteri ina hewa pungufu karibu sehemu moja kwa saba kuliko ingekuwa Mombasa. Moteri isiyo na turbo, kama ile ya 1HZ iliyo kwenye Land Cruiser nyingi za mashirika, inausikia upungufu huo kila mlima.

Turbo inasaidia hivi: moshi unaotoka kwenye moteri unazungusha panka dogo. Panka hilo limeungwa kwa chuma kimoja na panka la pili, ambalo linasukuma hewa ndani ya moteri. Hewa ikiwa nyingi, mazutu yanaungua vizuri na nguvu inapatikana. Mswisi Alfred Büchi ndiye aliyepewa hati ya uvumbuzi huo, mwaka 1905.

Sasa sikilizeni vizuri: chuma kile kinaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, na kinachokibeba ni utando mwembamba wa mafuta ya moteri. Ndiyo sababu maadui wa turbo ni watatu: mafuta machafu, mavumbi na joto.

Moshi una rangi, na rangi inasema

Moshi mweusi: mazutu ni mengi kuliko hewa. Angalieni filta ya hewa kama imeziba, na mipira inayotoka kwenye turbo kwenda kwenye moteri kama imepasuka au imelegea. Mpira uliopasuka unafanya gari likose nguvu kabisa kama vile turbo imekufa, kumbe turbo ni nzima. Bei ya mpira haifanani hata kidogo na bei ya turbo. Ikiwa hewa haina tatizo, zinafuata injekta, na hapo muiteni fundi wa pampu.

Moshi wa buluu: moteri inaunguza mafuta yake yenyewe. Inaweza kuwa turbo inayovujisha, lakini pia inaweza kuwa segmenti zilizochoka, au mrija unaorudisha mafuta toka kwenye turbo umeziba, mafuta yakakosa njia ya kushuka.

Moshi mweupe: asubuhi ya baridi, moteri ikiwashwa, ni kawaida kwa muda mfupi. Usipoisha hata moteri ikishapata moto, na maji ya radiateri yanapungua bila kuonekana yanapovujia, fikirieni kulasi iliyopasuka au juwenti yake. Mafundi wengi wanaijua 1KZ ya Prado kwa ugonjwa huo ikishachemka. Hapo turbo haina kosa.

Jicho, sikio na kidole

Zimeni moteri, mwache ipoe kabisa. Fungueni mpira unaoingiza hewa kwenye turbo. Angalieni panka kwa tochi: ncha zake zikiwa zimelika au kukunjika, kuna mavumbi au jiwe lililopita.

Halafu shikeni chuma cha katikati kwa vidole, mkizungushe. Kinapaswa kuzunguka bila kukwama. Kisukumeni upande kwa upande: kucheza kidogo sana si ugonjwa, maana mafuta hayamo wakati huo. Lakini panka likigusa ukuta wake, turbo imechoka. Kivuteni nje na ndani: mkisikia kinacheza, imechoka pia. Jaribio hili halifanyiki kamwe moteri ikiwa inazunguka. Panka lile linakata vidole.

Sikio nalo lina kazi. Mluzi mwepesi ni sauti ya turbo ya kila siku. Mlio kama wa king'ora, au wa chuma kinachosugua chuma, unataka gari lisimame. Na pale mipira inapounganika, mkikuta mavumbi yaliyolowana mafuta mengi, pengine hewa inatorokea hapo.

Kuitunza ni rahisi kuliko kuinunua

Mafuta. Sisi tunashauri kubadilisha mafuta pamoja na filta yake kila kilometa 5,000, na mapema zaidi kwa gari linalobeba mzigo kwenye njia mbaya. Kwenye bidoni tafuteni herufi API zinazofuatwa na C, yaani mafuta ya moteri za mazutu. Yenye S peke yake ni ya moteri za esansi.

Mavumbi. Barabara zetu nyingi zinatandikwa makoro yaliyosagwa na magurudumu. Mavumbi ya lava ni makali kama msasa. Filta ya karatasi ipigwepige taratibu au ipulizwe kwa hewa ya nguvu ndogo toka ndani kwenda nje. Haioshwi kwa maji wala kwa mazutu. Ipitisheni mbele ya tochi: mkiona tundu la mwanga, tupeni. Na asiwepo shofere wa kutembea bila filta "mpaka tufike tu".

Joto. Mkishamaliza mlima na mzigo, msizime mara moja. Acheni moteri izunguke taratibu dakika mbili au tatu. Ikizimwa ghafla, mafuta yanasimama ndani ya turbo yenye moto mkali, yanaungua na kuwa mkaa unaoziba mirija. Asubuhi pia, mpeni moteri nusu dakika kabla ya kuikanyaga.

Maji. Maji ya ziwa Kivu yana chumvi na madini, yanaacha magamba ndani ya radiateri. Maji ya mvua nayo, moshi wa Nyiragongo huweza kuyatia asidi. Nunueni maji maalum ya radiateri. Njiani mkikosa, tieni maji safi ya kunywa mfike, kisha yamwagwe. Kifuniko hakifunguliwi moteri ikiwa na moto.

Mazutu. Ya bidoni yaacheni yatulie, maji na uchafu vikae chini, na filta ya mazutu itolewe maji mara kwa mara.

Hatari ambayo kila shofere aijue

Turbo inayomwaga mafuta mengi inaweza kuilisha moteri mafuta hayo. Moteri inapiga kelele, inaongeza mwendo yenyewe, na ufunguo hauizimi. Kwa gari la vitesi vya mkono: kanyageni breki kwa nguvu zote, wekeni kitesi cha juu kabisa, muachie klachi ili moteri ikabwe. Ikishindikana, waondoeni watu, mkae mbali. Msitie mkono kwenye mdomo wa hewa. Na kwa kazi yoyote ya chini ya gari, msilale chini ya gari linaloshikwa na kriki peke yake.

Kabla hela haijatoka

Tunapendekeza kila chama kiwe na kayee ya gari: tarehe, kilometa, mafuta yaliyotiwa, rangi ya moshi, mipira iliyobadilishwa. Shofere anaandika, mtunza hazina anasoma. Na fundi akisema turbo imekufa, kamati imuombe majibu matatu mbele ya wanachama: Panka linagusa wapi? Nini kimeiua? Mrija unaoleta mafuta na ule unaoyarudisha umesafishwa au utabadilishwa? Fundi wa kweli hatakasirika, ataonyesha kwa kidole. Akishindwa kuonyesha, mfunge sanduku, mtafute fundi wa pili. Hela ya mbegu isitoke kwa kukisia.