Chuma Kisichosikia Jua

Saa saba mchana kule Kibwezi, kamba ya chuma ya kupimia ikiachwa robo saa juu ya udongo mwekundu haishikiki kwa mkono mtupu. Nimeishika mara nyingi, nikaihamisha mkono hadi mkono kama muhogo uliotoka motoni. Vidole kuungua si kitu. Kinachomsumbua mpima ardhi ni kwamba kamba ile imerefuka na haisemi. Namba zake ni zilezile, mistari ni ileile, ila kila mita iliyoandikwa hapo sasa ni zaidi ya mita.

Hesabu yake ni fupi. Kamba ya mita 30 hutengenezwa iwe sahihi kwenye nyuzijoto 20. Ikifika 50, hurefuka kwa milimita 10 hivi. Na kamba iliyorefuka husoma pungufu, kwa hiyo upande wa shamba wenye mita 300 huandikwa ukiwa umepoteza sentimita 10. Asubuhi ya Julai huko Kilungu, ukungu ukiwa bado haujainuka milimani, kamba hiyohiyo ingetoa jibu jingine. Sevea mwangalifu hubeba kipimajoto na kusahihisha kwa hesabu, lakini kipimajoto husoma joto la hewa. Joto la chuma kilicholala juani ni jambo lingine, na hapo ndipo kosa hujificha.

Mwaka 1896, mwaka ambao reli ya Uganda ilianza kutandazwa Mombasa ikielekea nchi ya Wakamba, Mswisi Charles Édouard Guillaume alikuwa kwenye maabara ya Sèvres karibu na Paris, kwenye ofisi ya kimataifa ya vipimo. Mita rasmi ya dunia wakati huo ilikuwa ufito wa platini na iridi, madini ya bei ya kutisha, naye alikuwa akitafuta kitu rahisi zaidi cha kutengenezea nakala zake. Akachanganya chuma na nikeli kwa viwango mbalimbali, akipima kila mchanganyiko unavyotanuka. Nikeli ilipofika asilimia 36, chuma kikakaribia kuacha kutanuka. Chuma cha kawaida hurefuka karibu sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzijoto moja. Aloi hii hurefuka sehemu moja na kidogo. Ikaitwa Invar, yaani isiyobadilika, na mwaka 1920 ikampatia Guillaume Tuzo ya Nobel ya fizikia. Kamba ya Invar ya mita 30, kwa jua lilelile la Kibwezi, hurefuka milimita moja tu.

Kwa nini? Sababu iko kwenye usumaku. Fikiria wacheza ngoma wa Kikamba waliojipanga safu, wote wametazama upande mmoja, viwiko vimetanuliwa. Viwiko ndivyo vinavyoshika nafasi kati ya mtu na mtu. Ngoma ikipamba moto, kila mmoja anaruka zaidi na kudai nafasi zaidi. Lakini safu nayo inaanza kuvurugika, watu wanageuka huku na huku na viwiko vinashuka. Nafasi inayodaiwa na kuruka inarudishwa na viwiko vilivyoshuka, na uwanja unabaki ulivyokuwa. Chembe za Invar hufanya hivyo. Joto huzitikisa na kuzisukuma mbali, na wakati huohuo hulegeza usumaku uliokuwa umezitanua tangu mwanzo. Joto likipita nyuzi 200 na kitu, usumaku umekwisha, hakuna kiwiko cha kushusha tena, na Invar hutanuka kama chuma chochote.

Waliokimbilia aloi hii mapema ni wapima ardhi. Mwaka 1908, katika bonde la Semliki magharibi mwa Uganda, kikosi cha Kapteni E. M. Jack kilipima kwa waya za Invar mstari wa msingi wa zaidi ya kilomita 10, sehemu ya ule mnyororo wa pembetatu aliouota mwanaastronomia David Gill, uliokusudiwa kufuata meridiani ya 30 kutoka Afrika Kusini hadi Misri. Katika kazi ya pembetatu unapima upande mmoja kwa kamba, kisha kutoka kilele hadi kilele unapima pembe tu. Kosa la upande ule mmoja hurithiwa na kila kilima kinachofuata. Kutoka kwenye kazi hiyo ndefu ulizaliwa mfumo wa ramani wa Arc 1960, ambao nukta yake ya kuanzia ni Buffelsfontein, Afrika Kusini, na ambao ndio uliobeba ramani zetu za 1:50,000 za Kitui na Makueni. Ndiyo maana huniuma ninapokuta bikoni ya upimaji kilimani imevunjwa ili kupata nondo iliyomo ndani.

Invar ina udhaifu wake. Ni laini, hupinda upesi, na waya uliopinda hauaminiki tena. Hukunjwa kwenye gurudumu pana, haubanwi kama kamba ya mbuzi. Tena hurefuka kwa uzee, kidogokidogo, hata ukiuweka kabatini. Kwa hiyo waya wenyewe ulipimwa kabla ya kwenda porini na baada ya kurudi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 tellurometa, chombo cha mawimbi ya redio alichobuni Trevor Wadley wa Afrika Kusini, kiliondoa waya hizo porini. Leo tuna setilaiti.

Hata hivyo aloi haijaondoka. Imo kwenye pasi ya umeme: utepe wa Invar umegandishwa na utepe wa shaba nyeupe, shaba inarefuka, Invar inakataa, utepe unapinda na kukata umeme kabla shati halijaungua. Imo pia kwenye upimaji wa kimo, na hapo inatuhusu zaidi sisi wa nchi kame. Bwawa kama la Thwake, pale mto Athi unapokutana na mto Thwake, lina ukuta uliopangwa kupita mita 80, wa mawe yaliyorundikwa, na ukuta wa namna hiyo hutulia polepole kwa uzito wake. Kutulia huko hufuatwa kwa milimita. Fimbo ya kusomea kimo ikiwa ya alumini, yenye kutanuka mara 20 kuliko Invar, asubuhi ukuta utaonekana una kimo kimoja na mchana kingine, ilhali haukusogea. Ndiyo sababu fimbo za kazi hiyo huwa na ukanda wa Invar katikati, umeshikwa kwa springi ili fremu ya nje itanuke bila kuuvuta.

Asiye na Invar, na wengi wetu hatuna, apime kabla ya saa tatu asubuhi, kamba ikiwa bado baridi, na aandike saa na joto kando ya kila urefu.