Datsun ya Marehemu Kaka

Ndugu zangu wa karibu na wa mbali, wengi wenu mmenipigia simu kuniuliza kama ni kweli Datsun ya marehemu kaka yangu imekatwakatwa. Jawabu ni kwamba haikukatwa, lakini ilibaki kidogo. Na kwa kuwa khabari zilizofika London si zile zilizofika Dubai, nimeona afadhali niandike mwenyewe niliyoyaona.

Kwanza niieleze gari yenyewe kwa ajili ya vijana. Ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, milango miwili, pua ndefu, rangi ya chungwa. Nissan waliitoa huko Japani mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z, na aliyeipigania Marekani mpaka ikapendwa ni Yutaka Katayama, mzee aliyefariki mwaka 2015 akiwa na umri wa miaka 105. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa lita 2.4, na kabureta mbili.

Lakini kaka hakuipenda kwa sababu ya Marekani. Aliipenda kwa sababu ya Safari Rally. Mwaka 1971 mimi nilikuwa na miaka 13, tuko Unguja, na kaka amekaa na redio sikioni hataki kusemeshwa. Mashindano yale yalipita Kenya, Uganda na Tanzania, na Datsun 240Z zikashika nafasi ya kwanza na ya pili: ya kwanza Edgar Herrmann na Hans Schüller, ya pili Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1973 Mehta akashinda kwa gari namna hiyo hiyo, baada ya kulingana kwa alama na Harry Källström, naye pia yumo katika Datsun. Kaka alikuwa akiwasoma madereva hawa kama sisi tulivyosoma majina ya mito. Wakati ule hata baiskeli hana.

Tulipohamia Oman alianza kuweka akiba, na mwaka 1979 akainunua hii kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Mama alilia. Alitaka gari ya kupakia watu wanane, naye kaleta gari ya watu wawili!

Wazee wenzangu mtakumbuka ubishi wake na binamu yetu mwenye Mustang ya mwaka 1969, silinda nane, lita 5.8. Mmarekani ukimkanyaga petroli anakusukuma mgongoni papo hapo, hata ukiwa gea kubwa. Mjapani anataka umpandishe mzunguko kwanza, ndipo aanze kuimba. Huko Marekani baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973 watu waliyakimbia magari makubwa, lakini Maskati nani aliuliza bei ya petroli? Ijumaa baada ya sala walikwenda wote wawili mpaka Nizwa, wakarudi usiku, kila mmoja akidai mwenzake alichoka kwenye mlima. Mimi nilikaa humo mara nyingi na naapa kwamba Mustang ilikuwa na nguvu zaidi, ila kwenye kona nilipenda kuwa na kaka.

Kabureta zile mbili lazima zivute hewa sawasawa. Kaka hakutumia chombo. Alichukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akasikiliza mlio wa hewa, kisha akahamia ya pili, akageuza skrubu mpaka sauti zikalingana. Akanifundisha na mimi. Mtu aliyezoea kusikiliza watoto thalathini wakisoma pamoja chuoni na kumjua anayekosea, kazi hiyo haimshindi.

Kaka alifariki mwaka 2022. Gari ikakaa chini ya turubali miaka miwili. Kisha mwanawe akaniambia, "Ami, nimeshapata injini ya Chevrolet, silinda nane, lita 5.7. Fundi anasema inaingia." Kweli inaingia, wengi wamefanya hivyo, na mtoto si mjinga; spea za injini ile ni rahisi kupata. Lakini gari ikishakatwa chuma chake, kuirudisha ni tabu kubwa. Nilikasirika, nikanyamaza, kwani hasira si hoja.

Usiku nikachukua karatasi. Marehemu ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Wazee wetu walishatangulia. Mke ana thumuni. Ukigawa mafungu 32, mama yao anapata 4, kijana 14, na kila binti 7. Basi zaidi ya nusu ya gari ile si yake. Nilimpelekea karatasi nikamwambia, "Mwanangu, onyesha mafungu yako 14 yako wapi, ukate hapo."

Hakucheka. Aliondoka, na kwa wiki tatu hakuniamkia.

Binti mkubwa akasema iuzwe, kwani alisoma kwamba Januari 2020 huko Marekani 240Z ya mwaka 1971 ilinadiwa kwa dola 310,000. Ikabidi nimweleze kwamba ile ilitunzwa kama yai, na yetu tulipoinua sahani ya betri tuliona sakafu ya gereji. Hewa ya bahari imekula bodi pale na kwenye matao ya magurudumu, na jua limepasua dashibodi. Mama yao ndiye aliyemaliza. Alisema fungu lake haliuzi wala halikatwi, na kwamba anataka kupelekwa Nizwa.

Sasa wamekubaliana hivi: kijana anawalipa dada zake kwa miezi, mimi ni shahidi. Injini ya Chevrolet ameiuza. Nimemruhusu gea boksi ya gea tano badala ya nne, kwani inafungwa bila kukata chuma, na ya zamani imo stoo kwangu, imefungwa kwa gunia. Bodi iko kwa fundi. Jumamosi iliyopita alikuja na kipande cha mpira akaniomba nimwonyeshe kusikiliza.

Mwenye picha za gari hii, khasa za harusi ya mwaka 1983 ilipobeba maharusi, naomba aniletee nakala. Fundi anataka kuona mstari wa ubavuni ulianzia wapi.