Watoto wa Kihadzabe Mkalama: Kwa nini kuwaandikisha shule peke yake hakutoshi

Mtoto wa Kihadzabe wa miaka sita anajua mengi. Anajua mti gani una matunda yaliyoiva, anapasua buyu mwenyewe, na akiwa wa kiume huenda tayari ana upinde wake mdogo.

Siku anapoingia darasa la kwanza, ujuzi wote huo hauna mtihani. Mwalimu anaongea Kiswahili, yeye nyumbani anaongea Kihadza. Anaanza mbio akiwa nyuma ya wenzake.

Wahadzabe ni akina nani?

Ni jamii ya wawindaji na wakusanyaji inayoishi kuzunguka Ziwa Eyasi. Idadi yao inakadiriwa kuwa kati ya watu 1,000 na 1,500 hivi. Wapo Karatu mkoani Arusha, Mbulu mkoani Manyara, Meatu mkoani Simiyu, na kwa upande wa Singida wapo wilayani Mkalama, hasa kijiji cha Munguli.

Lugha yao ina sauti za kudonoa ulimi, na wataalamu hawajaipatia ndugu wa uhakika miongoni mwa lugha nyingine za dunia. Majirani zao wa Mkalama, Wanyisanzu, ni wakulima. Wadatoga ni wafugaji.

Watoto wao wanakula nini?

Ubuyu, mizizi, asali, matunda ya porini na nyama. Watoto hawasubiri kuletewa kila kitu. Wanatoka kwa makundi na kujitafutia sehemu ya chakula chao karibu na kambi.

Bibi naye ana kazi kubwa. Mtafiti Kristen Hawkes na wenzake, waliofanya kazi kwa Wahadzabe tangu miaka ya 1980, waligundua kwamba mama akishika mtoto mchanga, ukuaji wa watoto wake wakubwa unategemea zaidi mizizi anayochimba bibi.

Basi shida iko wapi?

Ya kwanza ni afya. Takwimu zilizochapishwa na mtafiti Frank Marlowe mwaka 2010 zinaonyesha kuwa takriban mtoto 1 kati ya 5 alikuwa akifariki kabla ya kutimiza mwaka, na karibu nusu hawakufika miaka 15. Familia inayohamahama ni rahisi kupitwa na chanjo. Ndiyo maana huduma za mkoba, yaani wahudumu wa afya kuwafuata watu kambini, zina uzito mkubwa hapa.

Ya pili ni ardhi. Mashamba na mifugo vimeingia porini mwaka hadi mwaka. Mti ukikatwa, nyuki wanahama. Wanyama nao wanapungua. Chakula cha mtoto kinapungua hivyohivyo, na familia isiyo na shamba wala ng'ombe haina akiba ya kuangukia.

Ya tatu ni shule yenyewe. Ada ya elimu ya msingi ilifutwa, lakini kwa Mhadzabe kikwazo hakikuwa ada tu. Kuna umbali, kuna lugha, na kuna kuhama. Kambi ikisogea, mtoto anasogea nayo.

Je, bweni ni dawa?

Ni dawa ya umbali. Mtoto analala shuleni, anakula shuleni, anahudhuria kila siku. Lakini bweni lisilo na chakula cha uhakika halimshiki mtoto anayejua kujitafutia porini. Ataondoka tu.

Halafu kuna gharama isiyoonekana haraka. Miezi anayokaa bwenini ndiyo miezi ambayo angejifunza kwa bibi na baba: lugha, dawa za miti, namna ya kumfuata mlembe, ndege anayeongoza watu kwenye asali. Akimaliza shule bila kufaulu, anarudi kambini akiwa hana vyote viwili.

Historia nayo inaonya. Miaka ya 1960 Serikali ilijaribu kuwakalisha Wahadzabe sehemu moja huko Yaeda, Mbulu. Magonjwa yaliwapata, wengine walifariki, na wengi wakarudi porini. Huko Australia, watoto wa Waaborijini walichukuliwa kwa nguvu kutoka kwa wazazi wao kwa miongo mingi. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni kwa madhara hayo.

Nini kinaweza kusaidia?

Kwanza, darasa la awali lililo karibu na kambi, likiwa na msaidizi anayeongea Kihadza. Mtoto akishika Kiswahili mapema, darasa la kwanza halimtishi.

Pili, chakula cha shule kisichokatika, na likizo inayoendana na misimu ya porini, ili mtoto arudi kwao wakati wa kujifunza kwao.

Tatu, kulinda pori. Hili limewahi kufanyika: mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipewa hati ya kimila ya pamoja kwa zaidi ya hekta 20,000. Pori likibaki, chakula cha mtoto kinabaki.

Mwisho, kuwauliza wazazi. Wengi hawaikatai shule. Wanachotaka ni mtoto asome na bado aweze kuongea na bibi yake.