Kufundisha Hesabu za Biashara kwa Njia ya Kisa

Mara nyingi somo la faida na hasara huanza kwa kanuni iliyoandikwa ubaoni na kuishia kwa mazoezi. Mwanafunzi hupata jibu sahihi, lakini hajajifunza kuamua. Njia ya kisa hugeuza utaratibu huo: wanafunzi hupewa kwanza habari ya mtu aliyekabiliwa na uamuzi, kisha hutafuta hesabu itakayowaongoza.

Kisa chema hutoka katika maisha wanayoyajua. Kwa skuli za Unguja, mwani ni mfano unaofaa. Kilimo chake cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wakulima walio wengi ni wanawake. Baadhi yao huusaga mwani na kuutengenezea sabuni.

Tuchukue kisa hiki, ambacho nambari zake zimetungwa kwa ajili ya somo. Mkulima ana kilo 60 za mwani mkavu, na mnunuzi wa kijijini hutoa shilingi 1,000 kwa kilo. Akiuza wote atapata shilingi 60,000. Ama auze kilo 58, na kilo 2 atengenezee vipande 50 vya sabuni, avipeleke mjini Darajani na kuuza kila kimoja kwa shilingi 1,500. Mafuta, vifaa vinginevyo na nauli vitagharimu shilingi 40,000, na kazi itachukua siku nne. Afanye nini?

Mwalimu agawe darasa katika vikundi vya wanafunzi wanne au watano, wala asitoe jibu. Watagundua kuwa sabuni zote zikiuzwa, mkulima atabakiwa na shilingi 93,000. Zikiuzwa 30 tu, atabakiwa na shilingi 63,000, yaani ziada ya shilingi 3,000 kwa kazi ya siku nne. Hapo ndipo mjadala hupamba moto. Mmoja atasema sabuni zilizobaki hazijapotea. Mwingine atauliza: je, siku hizo zikiangukia bamvua, shamba la mwani litahudumiwa na nani?

Swali hilo lisipoulizwa, mwalimu aliulize mwenyewe, kwani watoto huhesabu mafuta na nauli, wakasahau kazi ya mama.

Kila kikundi kitoe uamuzi na sababu zake. Baada ya hapo mwalimu aandike ubaoni maneno gharama, mapato na faida, pamoja na kanuni yake.

Tahadhari moja: kisa kisiwe habari ya mzazi wa mwanafunzi yeyote darasani. Madeni na hasara za nyumba ya mtu si vifaa vya kufundishia.