Difu ilivyonilia tyubu tatu

Msomaji, usinicheke. Difu ya nyuma ya Land Rover 110 yangu ilikuwa inatoa machozi kwenye kifuniko, na Jumamosi moja nikaamua kuimaliza mwenyewe, nyumbani, chini ya mwembe. Kumwaga oili ya zamani na kutia mpya, kazi gani hiyo? Jumamosi inayofuata nilitakiwa kuwapeleka wakwe zangu Morogoro kwenye arobaini, na mama watoto alishaniambia hataki aibu ya gari bovu mbele ya mama yake.

Kitu kimoja nilifanya sawa. Nilifungua kwanza nati ya juu, ya kujazia, kabla ya ile ya chini. Wapo wanaomwaga oili yote, halafu nati ya juu inagoma, wanabaki na gari kavu uani. Kwa magari mengi, kama Toyota Hilux, kazi inaishia kwenye nati hizo mbili: unamwaga, unabadilisha washa, unajaza. Hakuna cha gundi wala nini.

Yangu ilivuja kwenye kifuniko chenyewe, chenye bolti 10 kuzunguka, kwa hiyo lazima kifunguliwe. Hapo ndipo nilipopatikana.

Tyubu ya kwanza niliitoa stoo, ilibaki tulipoziba dirisha la bafuni. Silikoni ni silikoni, nikajisemea. Ilinuka siki, sikujali. Kumbe ile ya kunuka siki inatoa asidi wakati inakauka, inakaribisha kutu kwenye chuma, na haikutengenezwa kuishi na oili. Jumatatu asubuhi chini ya gari palikuwa na doa la ukubwa wa sahani.

Nikashuka Gerezani. Muuzaji akanitolea nyekundu. "Bosi, hii inavumilia moto kuliko zote." Nikaingia mkenge! Moto wa namna hiyo uko kwenye ekzosi. Difu inapata joto, ndiyo, lakini adui mkubwa wa gundi pale ni oili yenyewe, ile namba 90 ya GL-5 yenye salfa, inayonuka kama yai viza. Cha kutafuta kwenye tyubu ni maandishi kwamba inahimili oili ya gia, siyo tarakimu kubwa za joto. Nyeusi na kijivu mara nyingi ndizo zenyewe, ila kila kiwanda kina rangi zake, kwa hiyo soma.

Nikaipaka nyekundu yangu kama siagi kwenye mkate. Jumatano nikaenda nayo kazini. Alhamisi, doa lile lile. Na kila nikifungua, lita 2 na ushee za oili zinamwagika, mfuko nao unavuja.

Jioni hiyo nikamfuata mzee mmoja mwenye gereji jirani na kwangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani kakupakia hii?"

Nikanyamaza. Akaingiza kidole ndani ya difu, akatoka na kipande chekundu kama mnyoo. "Kinachobanwa nje unakiona. Kinachobanwa ndani kinakatika. Hiki kikifika kwenye beringi, utanitafuta usiku." Halafu akauliza, "Breza umeiangalia?"

Breza? Kale ka kupumulia juu ya ekseli kalikuwa kamezibwa na tope tupu. Difu ikichemka, hewa ya ndani inatanuka, haina pa kutokea, inasukuma oili popote penye udhaifu. Ungepaka hata saruji.

Akaizibua. Kifuniko nacho kilikuwa kimejikunja pembeni kwa mikono ya watu wa kukaza kwa hasira kama mimi, akakigonga taratibu mpaka kikalala sawa juu ya kioo. Gasketi ya karatasi alisema ni nzuri, ila inataka kifuniko kilichonyooka hasa, na changu hakuniamini nacho. Tukatumia nyeusi, ya oili ya gia. Akakwangua gundi ya zamani bila kuchubua chuma, akafuta kwa thina. Petroli alikataa, inaacha mafuta. Akachora mstari mmoja, mwembamba kama njiti ya kiberiti, ukipita upande wa ndani wa matundu ya bolti. Bolti zikakazwa kwa vidole tu, tukanywa chai saa nzima, ndipo spana ikaingia, kwa kuvukisha, siyo kwa mzunguko. Oili? "Kesho jioni."

Nilikuwa na haraka, msomaji, lakini nikatii. Ijumaa jioni nikajaza mpaka ikaanza kuchuruzika kwenye tundu la juu, nikafunga.

Chalinze nikasimama kwa kisingizio cha kununua maji. Nikainama nyuma ya gari, nikapitisha kidole chini ya kifuniko. Kikavu.

"Baba, umeangusha nini huko?" mama mkwe akauliza dirishani.

"Sarafu, mama. Nimeshaiona."