Shirika katika Mtumbwi Mkuukuu

Ndugu wakulima wa Rubafu, kununua mtumbwi mkuukuu kwa shirika ni jambo jema, maana mpya ni ghali. Lakini yapasa kujua ya kuwa mtumbwi wa zamani hutaka misumari, mbao na kalafati kila mara. Shirika huvunjika siku ya matengenezo, fedha za samaki zikiwa zimekwisha gawanywa zote. Basi, shikeni haya:

1. Kabla ya kununua, chomeni mbao kwa ncha ya kisu, hasa karibu na mkuku na penye misumari. Kisu kikizama kwa wepesi, mbao zimeoza, msinunue.

2. Mkiwa watu 4, mtumbwi uwe mshirika wa 5. Tuseme, baada ya kulipa gharama na wavuvi, zimebaki shilingi 50,000: kila mtu atwae 10,000, na mtumbwi 10,000. Fungu lake lisikopwe na mtu.

3. Wakati wa kuchuma kahawa wote huwa shambani. Mtumbwi ukiachwa juani mwaloni, mbao hukauka na viungo huachana. Mchagueni mmoja autunze, alipwe katika fungu la mtumbwi.

4. Andikeni hati mbele ya mashahidi. Mtumbwi ukiandikishwa kwa jina la mmoja, naye akafa, wenziwe watawaonyesha nini warithi? Tena atakaye kutoka awauzie wenziwe kwanza, kwa thamani ya siku ile, wala si bei ya kununulia.

Mali bila daftari hupotea bila habari.