Tupike Nyumbani Hata Siku za Kazi Nyingi

Leo tunataka tuzungumze juu ya chungu. Siyo chungu cha dukani. Ni kile kilichopo nyumbani kwako, ambacho siku za kazi nyingi hukaa kimepinduliwa mpaka jioni.

Hapa Bahi tunazijua siku hizo. Mpunga ukianza kutoa punje, kwelea kwelea nao hufika. Uwele na mtama pia wanautaka. Hapo baba, mama na watoto wakubwa hutoka alfajiri kwenda kuamia ndege. Kila mmoja ana kombeo lake au debe la kugonga. Nani atabaki apike? Hakuna. Basi aliye na pesa mfukoni hupita kituoni au kando ya barabara, akanywa chai na chapati. Mchana hurudi tena akala wali na maharage.

Hatusemi kwamba mama lishe ni mtu mbaya. Hapana! Ni ndugu yetu, naye anafanya kazi ya haki. Msafiri anayeshuka garimoshi au basi atakula wapi kama siyo kwake? Hata sisi walimu wa kisomo, tukiwa safarini, yeye ndiye hutuokoa. Lakini kula kwa mama lishe kukiwa ndiyo desturi ya nyumba, kuna jambo la kutazama.

Jambo lenyewe ni hili: sahani ya hotelini humshibisha mmoja, yule mwenye pesa. Chungu cha nyumbani hulisha wote.

Mtoto wa miaka miwili haendi hotelini. Yeye yupo nyumbani na bibi yake, au amelala kivulini kando ya shamba. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo hawezi kula mara moja kwa siku akashiba kama mtu mzima. Anahitaji chakula mara tatu au nne, kidogo kidogo. Akikosa siku moja atalia, halafu atanyamaza. Akikosa kila siku kwa msimu mzima, atakonda na kudumaa. Mavuno yatakuja, lakini kimo alichopoteza ni vigumu sana kukirudisha.

Sasa tufanye hesabu. Chukueni kalamu. Bei hizi ni za mfano tu. Tuseme chai na chapati mbili ni shilingi 1,000, na wali na maharage ni shilingi 2,000. Kwa siku moja mtu mmoja atalipa shilingi 3,000. Kwa siku sita ni shilingi 18,000. Kazi ya kuamia ndege ikichukua majuma manne, ni shilingi 72,000. Hayo ni matumizi ya mtu mmoja tu! Andikeni bei za kijijini kwenu, mpige hesabu upya. Halafu ulizeni bei ya debe moja la uwele, mgawanye. Mtaona ni madebe mangapi yameliwa na mtu mmoja.

Tena sisi wa Dodoma mvua zetu ni za msimu mmoja tu, kama Desemba hadi Aprili. Tunavuna mara moja, na ghala hilo ndilo la kutufikisha mavuno mengine. Anayeuza nafaka wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, ili alipe deni la hotelini, ndiye atakayenunua nafaka Januari na Februari bei ikiwa juu.

Mtasema, "Mwalimu, maneno ni mazuri, lakini muda uko wapi?" Ni swali la haki. Mama mmoja alituambia darasani: "Nikitoka kuamia ndege nitafute kuni, niteke maji, nipike, nami nilale saa ngapi?" Wanaume darasani walinyamaza. Alisema kweli. Kupika nyumbani kukiwa ni kazi ya mtu mmoja, hakutadumu. Ni lazima nyumba nzima igawane kazi.

Haya, tazameni utaratibu huu.

1. Kabla ya msimu wa kazi. Twangeni au sagisheni unga wa kutosha. Chumeni mlenda na majani ya kunde wakati yapo mengi. Yaanikeni kivulini, maana jua kali huharibu vitamini A. Mlenda mkavu uliotwangwa huiva upesi sana. Baba na vijana walundike kuni mapema.

2. Jioni. Mtoto mkubwa achague kunde, choroko au maharage na kuyaloweka. Yakilala majini huiva upesi, na kuni zinazotumika ni chache. Maji ya kulowekea yamwagwe.

3. Alfajiri. Mmoja apike uji. Ukiwa bado wa moto sana, mimineni sehemu katika chupa ya chai iliyo safi, ili bibi ampe mtoto saa nne. Wakati huo kunde zilizolowekwa zichemke kwa nguvu kama nusu saa, sufuria ikiwa imefunikwa.

4. Kabla ya kutoka. Chukueni kapu kubwa, mtandike nyasi kavu na nguo nzito kuukuu. Ingizeni sufuria ikiwa bado inatokota, funikeni kwa nguo nyingine, na mbane vizuri. Joto halipati pa kutokea, kwa hiyo kunde huendelea kuiva bila moto. Sufuria iwe imejaa, kwani chakula kidogo hupoa haraka.

5. Jua likipanda. Kwelea kwelea hula sana asubuhi na tena jioni. Jua likiwa kali hupumzika mitini. Basi na ninyi pokezaneni. Mmoja abaki akilinda, mwingine arudi mapema kabla ya adhuhuri. Sufuria isikae kapuni zaidi ya muda wa saa nne. Kunde zichemshwe tena mpaka zitokote, ndipo asonge ugali na kupika mlenda. Chakula kiliwe mara hiyo. Kikipoa kisikae zaidi ya muda wa saa mbili, maana vijidudu huzaana.

Mkiwa na karanga, zipondeni mtie katika uji wa mtoto au katika mboga. Pondeni za siku mbili tatu tu, ili zisichache. Lakini angalieni sana! Karanga au mahindi yenye ukungu yasiliwe, wala wasipewe mifugo. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa katika nafaka. Sumu hiyo haiondolewi kwa kupika. Kausheni nafaka vizuri, na magunia yasilale chini ya sakafu tupu, bali juu ya miti au mbao.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1975 iliyoitwa Chakula ni Uhai. Watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya. Utaratibu ule bado unafaa. Nyumba tatu zenye mashamba jirani zinaweza kupika kwa zamu: leo huyu, kesho yule. Hivyo mpishi ni mmoja, na walinzi wa ndege ni wengi.

Ndugu msomaji, siku ukiwa na safari, kula kwa mama lishe, na umlipe. Lakini siku za kawaida, kabla hujaagiza sahani, jiulize: huko nyumbani mtoto amekula nini?

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Msimu uliopita, nani nyumbani kwenu alikula hotelini, na nani hakula?

2. Katika kazi za kupika, ni zipi ambazo baba na vijana wanaweza kuzifanya kuanzia juma hili?

3. Ni nyumba zipi jirani ambazo mnaweza kupika nazo kwa zamu?